Kulingana na Kuoana: Onyo la Shina katika Swichi za Mtandao

Vitenzi *-lingana* na *-oana* hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni kimoja. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hilo halina madhara. Katika tafsiri ya maonyo ya programu zinazosimamia swichi za mtandao, hata hivyo, tofauti yake yaweza kumwongoa fundi au kumpotosha.

*-lingana* ni kuwa sawa kwa kipimo, hali au sifa: *Fito hizi zinalingana urefu.* *-oana*, mbali na kufunga ndoa, ni kufaana: *Kilemba chake kimeoana na gauni.* Ufunguo na kitasa havilingani, lakini huoana.

*Shina* nalo lina maana kadhaa. Mwanasarufi hulitaja shina la neno. Mwanasiasa humtaja balozi wa shina. Katika mtandao, shina ni kiungo kimoja baina ya swichi mbili kinachobeba data za mitandao pepe mingi (VLAN), kwa kawaida fremu ikitiwa alama ya mtandao wake. Utaratibu wa alama hizo umewekwa na kiwango cha IEEE 802.1Q, kilichochapishwa mwaka 1998. Wapo wanaotohoa *tranki*, ila msomaji wa Tanzania huenda akakumbuka *tranka*, sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni.

Chukuliwe mfano wa ofisi mjini Gairo, makao makuu ya wilaya iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012. Programu yaonya kwamba ncha za shina hazioani, ilhali kompyuta za pande zote mbili zinawasiliana vizuri. Fundi akiliamini onyo hilo na kuchomoa waya, kazi ya ofisi nzima husimama.

Chanzo cha kwanza cha onyo kama hilo ni kupima mipangilio badala ya hali halisi. Katika swichi nyingi za Cisco, poti yaweza kupangwa iombe shina, au isubiri kuombwa. Poti inayoomba na poti inayosubiri hazilingani kwa mipangilio, lakini zinaoana: shina hutokea. Poti mbili zinazosubiri zinalingana kabisa, lakini haziungani kwa shina, kwa kuwa hakuna inayoanza kuomba. Programu inayolinganisha mipangilio tu hupiga kelele pasipo na tatizo, na hunyamaza penye tatizo.

Chanzo cha pili ni neno lenyewe. Istilahi ya Kiingereza ambayo kwa Cisco ni kiungo cha mitandao pepe mingi, katika swichi za HP ProCurve ni viungo kadhaa vilivyofungwa pamoja kuwa kimoja. Programu isiyotambua tofauti hiyo yaweza kuona kasoro palipo na tofauti ya majina tu. Chanzo cha tatu ni taarifa zilizopitwa na wakati: programu huzihoji swichi kwa vipindi, na ncha moja ikibadilishwa kati ya vipindi viwili, picha iliyobaki ni ya zamani.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa waya, fundi hukagua katika ncha zote mbili: je, poti inafanya kazi kama shina? Je, mtandao pepe usiotiwa alama ni uleule? Je, orodha ya mitandao inayoruhusiwa ni moja? Yote yakipatana, programu iagizwe kuhoji upya. Mtandao usiotiwa alama ukitofautiana, onyo ni la kweli, kwani data za mtandao mmoja zaweza kuingia katika mwingine. Kuzima maonyo yote si dawa.

Mfasiri naye aepuke *onyo la uongo*, kwa kuwa uongo huhitaji nia ya kudanganya. *Onyo lisilo na msingi* hufaa zaidi. Na pale programu ilipopima mipangilio pekee, isisemwe *Ncha hazioani*, bali: *Mipangilio ya ncha hailingani; kagua kama zinaoana.* Sentensi hiyo humwachia fundi uamuzi ambao programu haina ushahidi wa kuutoa.