JOGOO WAKO NA USINGIZI WA JIRANI



Kwa familia iliyofika hapa mikono mitupu, kuku mmoja ni mwanzo wa mali. Mayai yanaliwa na watoto, vifaranga vinauzwa, na pesa inayopatikana inanunua chumvi na sabuni. Ndiyo maana mtu hapendi kusikia jogoo wake akisemwa vibaya.

Lakini nyumba zetu zimekaribiana sana. Ukuta wa matofali ya udongo na paa la turubai havizuii sauti. Jogoo akiwika kwako, ni kama amewika kitandani kwa jirani. Huenda jirani huyo ana mtoto mchanga au mgonjwa. Huenda ni mtu ambaye tangu alipokimbia vita hapati usingizi mpaka usiku wa manane, na saa hizo chache za alfajiri ndizo pekee anazolala.

Wengi wanapenda jogoo mdogo, yule wa kibete mwenye miguu mifupi, kwa kuwa anakula kidogo na hahitaji nafasi kubwa. Ujue kwamba udogo wake haupunguzi kelele. Sauti yake ni nyembamba na kali, na anaweza kuwika mara nyingi kama jogoo mkubwa.

KWA NINI JOGOO ANAWIKA?

Hawiki kwa ukaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake. Hata alipowekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, aliendelea kuwika wakati wa alfajiri ulipofika. Kwa saa ya Tanzania, jua hapa Kigoma huchomoza karibu saa 1 asubuhi. Basi usishangae kusikia jogoo saa 11 alfajiri, au hata kabla ya hapo.

Kuna mambo mengine mawili yanayomfanya awike:

1. Mwanga wa ghafla. Tochi, moto wa jikoni au taa ya gari inaweza kumwamsha usiku.

2. Jogoo mwenzake. Mmoja akiwika, wengine wanajibu. Watafiti hao walieleza mwaka 2015 kwamba katika kundi, jogoo mwenye cheo cha juu huanza na wengine hufuata kwa zamu. Kwa hiyo majogoo watano katika mstari mmoja wa nyumba ni kelele inayozunguka mpaka kunakucha.

JE, UNAHITAJI JOGOO?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi hawajiulizi. Kuku jike anataga bila jogoo. Mayai hayo ni chakula kizuri kama mengine, ila hayatotoi. Kama unafuga kwa ajili ya mayai ya kula tu, huna haja ya jogoo hata mmoja.

Kama unataka vifaranga, jogoo mmoja anatosha majike kama 10. Kuku jike akishapandwa, anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa siku 10 hivi. Kwa hiyo nyumba nne au tano zinaweza kutumia jogoo mmoja. Mwenye jike anampeleka kwa mwenye jogoo kwa siku chache, kisha anamrudisha. Mayai yataatamiwa siku 21. Mwenye jogoo apewe kifaranga kimoja au viwili kwa shukrani, kama mtakavyopatana.

Angalizo: usipeleke wala usipokee kuku anayezubaa, anayeharisha kijani au anayekoroma. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa kideri, ambao unaweza kumaliza kuku wa mstari mzima. Muulize mtaalamu wa mifugo kuhusu chanjo ya matone ya jicho kabla hamjaanza kuchanganya kuku.

Majogoo wachanga huanza kuwika wakiwa na miezi minne au mitano hivi. Chagua mmoja wa kubaki. Wengine uwauze au uwachinje kabla ya kuzidisha kelele.

KUPUNGUZA KELELE

Hakuna njia ya kumnyamazisha jogoo kabisa. Lakini sauti inaweza kupungua ukifanya haya:

1. Jenga kibanda kidogo cha matofali ya udongo, chenye kuta nene na mlango unaofungika. Kitamkinga pia na wezi, paka na kicheche.

2. Kiegemeze kwenye ukuta wa nyumba yako mwenyewe, si upande wa jirani. Mlango uelekee kwako.

3. Dari iwe ya chini. Jogoo hunyoosha shingo juu anapowika kwa nguvu. Akiweza kusimama na kugeuka vizuri, lakini asiweze kunyoosha shingo yote, sauti hupungua.

4. Ndani kuwe na giza, lakini hewa ipite. Acha matundu madogo upande usioelekea kwa jirani. Kibanda kisicho na hewa kinaua kuku.

5. Mfungie jua linapotua, mfungulie kukishakucha vizuri. Usimwache ndani mchana kutwa.

6. Zoa mavi kila siku. Jirani aliyevumilia kelele asiongezewe harufu na nzi.

Usimfunge jogoo kamba mdomoni wala shingoni. Ni ukatili, na anaweza kufa. Usitumie chandarua cha mbu kufunikia kibanda, kwani chandarua ni cha kuwakinga watoto na malaria. Tena usimlaze jogoo chumba kimoja na watoto kwa kuogopa wezi, kwa sababu mavi ya kuku yanaleta kuhara.

MWENYE JOGOO, ANZA WEWE

Usingoje jirani aje kwa hasira. Nenda kwake mchana, mtu akiwa ametulia. Piga hodi, salimia, kisha useme: “Mama, nimekuja kwa ajili ya yule jogoo wangu. Je, anawasumbua usiku? Nataka kumjengea kibanda, nikaona nikuulize kwanza upande gani utakufaa.” Maneno haya hayagharimu kitu. Jirani aliyeulizwa huvumilia mengi ambayo aliyepuuzwa havumilii.

Akikuambia nyumbani kwake kuna mzazi aliyejifungua au mgonjwa, mhamishe jogoo kwa ndugu au rafiki kwa wiki chache. Kama umejaribu yote na jirani bado halali, muuze jogoo ubaki na majike. Mayai utaendelea kupata.

NA WEWE UNAYESUMBULIWA

Sema mapema, kabla moyo haujajaa. Mwambie mwenyewe kwanza, wala usianze kwa kumsengenya bombani au kwenye foleni ya chakula. Usimpige jogoo mawe, wala usimtegee sumu. Mtoto anaweza kuiokota sumu hiyo, na kuku aliyekufa kwa sumu akiliwa ni hatari kwa familia nzima.

Zaidi ya yote, ugomvi wa jogoo ubaki kuwa wa jogoo. Usiseme “watu wa kabila lile ndivyo walivyo” au “wale waliokuja juzi.” Wengi wetu tumeona kwa macho yetu maneno ya namna hiyo yanakoishia. Jogoo anawika vilevile kwa kila kabila.

Mkishindwa kuelewana, nendeni pamoja kwa kiongozi wenu wa kijiji. Kila mmoja aseme, kisha mpatane juu ya mambo matatu: jogoo atalala wapi, atafungwa na kufunguliwa saa ngapi, na baada ya siku ngapi mtakutana tena kuangalia kama hali imebadilika.

KUMBUKA

Wahenga walisema: jogoo likiwika lisiwike, kutakucha. Asubuhi itafika hata jogoo wako akiwa kibandani au akiwa amekwisha uzwa. Lakini usiku mtoto wako akishikwa na homa, atakayekusaidia kumbeba mpaka hospitali ni yule jirani wa ukuta wa pili.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe jirani yako. Kama hajui kusoma, msomee.