SIKU YA MSHAHARA ISIWE SIKU YA POMBE
Kinga dhidi ya ulevi yaanza tumboni na kwisha uzeeni



Katika shamba moja la chai huku magharibi mwa Uganda, vibarua walikuwa wakilipwa mshahara ndani ya baa. Kontrakta aliyewaleta alikaa meza ya pembeni kila Jumamosi jioni na daftari la majina. Mwenye baa alikaa karibu naye na daftari la madeni. Kibarua akiitwa, anatia dole gumba, fedha zinahesabiwa, na kabla hazijafika mfukoni nusu yake imekwisha hamia meza ya pili. Aliyebakiwa na kitu alikuwa tayari yumo ndani ya baa, amechoka kwa kazi ya wiki nzima, na rafiki zake wamemzunguka.

Miongoni mwa vibarua hao alikuwamo ndugu mmoja, mkimbizi kutoka Kivu, ambaye mke na watoto wake walikuwa wakiishi katika makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Kazi yake ilikuwa kupakia majani ya chai kwenye lori. Alikuwa mtu mpole na mwenye nguvu, lakini usiku hakuweza kulala kwa mambo aliyoyaona vitani. Watu walisema anapenda pombe. Ukweli ni kwamba alikuwa akinunua usingizi.

Asubuhi moja alianguka kutoka juu ya lori akavunjika mguu. Msimamizi alimnusa kinywa, na siku ile ile akaandika barua kwamba amefukuzwa kwa ulevi na hana madai yoyote.

Kamati ya tawi letu ilinyamaza. Nami nilikuwa mjumbe wa kamati hiyo, basi sharti niseme sababu. Sisi wenyewe tulikuwa tukifanyia mikutano yetu katika baa ile ile, na jina langu lilikuwamo katika daftari lile la madeni. Mwenye deni hana sauti.

Baadaye tulikwenda Nakivale kumtazama, tumebeba sukari kilo mbili. Alitupokea vizuri, akatuketisha, kisha akasema: “Ndugu zangu, sukari nashukuru. Lakini siku ile nilihitaji maneno yenu, si sukari yenu.” Tulirudi Mbarara hatuna la kusemezana njia nzima.

KILA UMRI UNA MLANGO WAKE

Wengi wetu hudhani kwamba kuzuia ulevi ni kumkemea mlevi. Mtu akifika hali ya kuitwa mlevi tumekwisha chelewa. Pombe, bangi na mairungi huingia kwa mlango ulioachwa wazi, na kila umri wa binadamu una mlango wake na mtu wake wa kuulinda.

Wengine husema hiyo ni kazi ya serikali. Serikali ina sehemu yake, lakini tazameni historia. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilikataza kupika waragi bila leseni, na hadi leo waragi inapikwa vichakani. Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale, watu wapatao 80 walikufa katika muda wa wiki chache kwa kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli, yaani spiriti ya viwandani ambayo hupofusha macho na kuua. Mwaka 2019 vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali vilipigwa marufuku Uganda, kama ndugu zetu wa Tanzania walivyokwisha fanya kwa viroba mwaka 2017. Ilikuwa hatua njema, kwa kuwa kifuko kile kiliingia katika mfuko wa shati la mwanafunzi na katika buti la mfanyakazi. Lakini anayetaka kunywa sasa hununua chupa ndogo. Sheria huziba tundu moja, na yaliyobaki tuyazibe sisi.

TUMBONI NA UCHANGA

Mama mwenye mimba akinywa, mtoto hunywa pamoja naye, maana pombe hupita katika damu ya mama hadi kwa mtoto. Inaweza kuharibu ubongo wake na kuchelewesha kukua kwake, na madhara hayo hayafutiki. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mwenye mimba, hata kama ni tonto ya ndizi iliyopikwa nyumbani. Baba naye ana wajibu: usimletee mkeo chupa ukamwambia anywe kidogo apunguze uchovu. Mchumaji wa chai mwenye mimba anahitaji kupunguziwa mzigo wa kikapu, na hilo ni dai la chama.

Kuna desturi ya kumwonjesha mtoto mchanga pombe ili alale au apone tumbo. Iachwe. Pombe kidogo tu yaweza kushusha sukari katika damu ya mtoto mdogo hadi akazirai, hata kufa.

Hapa nina neno kuhusu akina mama wanaopika pombe. Katika Nakivale na katika vijiji vinavyozunguka mashamba, mama wengi hupika kasiksi au kanyanga ili kupata ada ya shule. Tukiwatukana tutakuwa tumekosa haki. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula kwa wakimbizi hutolewa kwa makundi, na walio wengi hupata pungufu ya mahitaji yao. Mama huyo anahitaji mtaji wa kuuza maharage au sabuni, na vikundi vya kuweka na kukopa ndipo mahali pa kuanzia.

UTOTO

Ni mara ngapi tumemwambia mtoto, “Chukua chupa hii, kaniletee ya elfu moja”? Mtoto huyo hujua bei ya waragi kabla ya kujua jedwali la mara mbili. Njiani huonja. Kesho huonja na mwenzake. Sheria ya Uganda hairuhusu kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na tumbaku aliye chini ya miaka 21. Lakini sheria hiyo huvunjwa kwanza na baba anayemtuma.

Imeonekana katika nchi nyingi kwamba aliyeanza kunywa kabla ya miaka 15 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuwa mtumwa wa pombe kuliko aliyeanza akiwa mtu mzima. Kila mwaka mtoto anaocheleweshwa ni faida. Tuwaangalie pia watoto wanaonusa gundi na petroli mitaani. Hao hunusa ili wasahau njaa na baridi, na dawa yao ya kwanza ni chakula na mtu wa kuwaita nyumbani.

UJANA

Huu ni umri wa mshahara wa kwanza. Kijana akitoka Nakivale kuja kutafuta kazi Mbarara, wakubwa wa kazini humwambia anunue “karibu”, yaani awanyweshe wote, ndipo ahesabiwe mtu. Sisi wakubwa ndio tulioianzisha desturi hiyo na sisi ndio wa kuizika. Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi miaka ipatayo 25, kwa hiyo bangi na pombe humdhuru kuliko zinavyomdhuru mtu mzima.

Kwa walinzi wa usiku, madereva na vijana wa zamu ya usiku kiwandani, mlango ni mairungi. Kijana hutafuna ili asilale kazini. Zamu ikiisha usingizi haumjii, basi hunywa pombe ili alale. Jioni ameamka na uchovu, hutafuna tena. Hapo amefungwa kamba mbili. Tena mwaka 2023 Bunge la Uganda lilipitisha sheria mpya kali juu ya dawa za kulevya, na mairungi imo pamoja na bangi. Kijana mkimbizi akikamatwa nayo anaongeza shida juu ya shida. Lakini tusiseme na kijana peke yake. Zamu ndefu zisizo na mapumziko ndizo zinazouza mairungi, na ratiba ya zamu ni jambo la kujadiliwa mezani baina ya chama na mwajiri.

UTU UZIMA

Hapa ndipo ilipo siku ya mshahara, na hapa chama kina silaha ambayo wengi hawaijui. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 95 wa mwaka 1949, ambao Uganda imeuridhia, unakataza kulipa mshahara kwa pombe kali au kwa dawa za kulevya. Unakataza pia kulipa mshahara ndani ya baa, isipokuwa kwa wale walioajiriwa humo. Kwa hiyo kontrakta yule wa Jumamosi alikuwa akivunja kanuni ya miaka mingi, na sisi tulikuwa tumekaa hapo hapo tunakunywa.

Silaha ya pili ni mwongozo wa shirika hilo hilo uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu pombe na dawa za kulevya kazini. Unasema matatizo haya yatazamwe kama matatizo ya afya, kwamba anayetaka kutibiwa asibaguliwe, na siri yake itunzwe. Hiyo si ruhusa ya kuja kazini umelewa. Mashine ya kusaga majani haijui huruma, wala lori la tani saba. Aliyelewa aondolewe penye mashine mara moja, kwa usalama wake na wa wenzake. Lakini baada ya hapo aulizwe ana shida gani, apelekwe kwa mganga, na asifukuzwe kabla hajapewa nafasi ya kutibiwa.

Mwenzetu yule wa Nakivale alikuwa mgonjwa wa usiku wake. Kama angepelekwa katika idara ya magonjwa ya akili kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, pengine asingekuwa juu ya lori asubuhi ile na kichwa kizito. Iko pia Hospitali ya Butabika, Kampala, yenye sehemu ya kutibu waliozoea pombe na dawa za kulevya. Mkimbizi anayo haki ya kwenda hospitali ya serikali, kama vile Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inavyompa haki ya kufanya kazi.

Onyo moja kubwa: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asilazimishwe kuacha kwa ghafula peke yake nyumbani. Anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, kushikwa na kifafa, na hata kufa. Aanze kuacha chini ya uangalizi wa mganga. Wako watu waliofungiwa chumbani na jamaa zao kwa nia njema wakafa humo.

UZEENI

Mzee aliyeacha kazi hukosa vitu viwili kwa mara moja: mshahara na watu wa kuzungumza nao. Vyote viwili baa humwahidi. Na akiba yake ya NSSF, anayoweza kuichukua akiwa na miaka 55, huja mara moja kwa wingi, na marafiki wapya huja pamoja nayo. Mwili wa mzee una maji machache kuliko wa kijana, hivyo glasi ile ile humlewesha zaidi, humwangusha na kumvunja nyonga. Akiwa anatumia dawa za shinikizo la damu au za kisukari, pombe huweza kuzigeuza zikamdhuru. Wastaafu wetu waitwe kwenye mikutano ya tawi, wapewe kazi ya kuwafundisha vijana. Mzee mwenye kazi ya kufanya kesho huenda kulala mapema.

TUFANYE NINI

Baada ya safari ile ya Nakivale, mimi nililipa deni langu na kufuta jina langu katika daftari. Tawi letu lilihamisha mikutano likaipeleka chini ya mti karibu na ofisi, saa nne asubuhi. Wanachama wachache walilalamika, lakini akina mama, ambao zamani hawakuja, walianza kuja. Tukapata nguvu ya kumwambia mwajiri kwamba kontrakta asilipe tena baa. Sasa mishahara mingi hulipwa kwa simu. Hilo limesaidia, ingawa mwenye baa naye ana simu.

Nashauri kila kamati ya tawi ifanye haya:

1. Idai mshahara ulipwe mahali pa kazi au kwa simu, siku ya kazi, mchana, wala si Jumamosi jioni.
2. Isifanye mkutano wowote ndani ya baa.
3. Iweke katika mapatano na mwajiri kwamba mwenye tatizo la pombe atatibiwa kwanza.
4. Ifute desturi ya “karibu” kwa wafanyakazi wapya.
5. Ichague mwanamume mmoja na mwanamke mmoja watakaojua njia ya hospitali na kumsindikiza mwenzao bila kumtangaza.

Mwenzetu yule sasa anatembea kwa fimbo na ana kibanda kidogo huko Nakivale. Barua ya kumfukuza bado anayo, ameikunja ndani ya Biblia. Hatukuweza kuifuta. Lakini iko barua nyingine ambayo msimamizi hajaiandika bado, ya mfanyakazi mwingine ambaye leo jioni anapita mbele ya baa na mshahara wake mfukoni. Kamati yake isingoje asubuhi ya lori.