Matundu ya Hewa ya Jokofu la Gari: Yakingwe na Maji, Yasizibwe

Chama chenye gari la huduma lililofungwa jokofu la gesi kina mali ya kutunzwa kwa uangalifu. Chanjo nyingi za mifugo hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Jokofu likizimika njiani kwa sababu ya maji, chanjo huharibika, na hasara huwaangukia wanachama waliozilipia. Lakini ipo hatari iliyo kubwa kuliko hasara hiyo, nayo hutokana na njia mbaya ya kuyazuia maji hayo.

Jokofu la namna hii lilibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters. Halina mashine inayozunguka. Mwali mdogo wa gesi huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji. Mvuke wa amonia hupanda, hupoa katika mabomba ya nyuma na kuwa kiowevu, kisha hugeuka tena kuwa mvuke ndani ya hewa ya haidrojeni na kufyonza joto la chakula au dawa. Ili kazi hiyo iendelee, ubavu wa gari huwa na matundu mawili. La chini huingiza hewa safi na kuitoa nje gesi iliyovuja, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. La juu hutoa joto, na katika magari mengi hutoa pia moshi wa mwali.

Maji yakiingia humo huzima mwali, hutia kutu kichomeo, na huweza kuunguza nyaya za umeme wa betri. Vibati vya matundu hayo vimeinamishwa chini ili mvua ya kawaida iteremke nje. Havikutengenezwa kuhimili maji ya mpira yanayorushwa kwa nguvu kutoka chini au ubavuni.

Wakati wa kuosha gari, yafaa utaratibu huu ufuatwe:

(a) Jokofu lizimwe na mtungi wa gesi ufungwe. Dawa zihamishiwe katika sanduku la barafu.

(b) Matundu yafunikwe kwa vifuniko vyake, au kwa karatasi ya nailoni iliyobandikwa kingo zote.

(c) Sehemu hiyo ioshwe kwa ndoo na kitambaa, kuanzia juu kwenda chini. Mpira wa maji usielekezwe kwenye matundu, hata yakiwa yamefunikwa.

(d) Vifuniko viondolewe vyote kabla ya jokofu kuwashwa tena.

Kipengele cha mwisho ndicho chenye uzito zaidi. Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini tundu la hewa si ufa. Dereva anayesokota gunia katika tundu ili kuzuia mvua ya masika, huku mwali ukiwaka, huunyima mwali hewa. Mwali wa namna hiyo hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kumwua mtu aliyelala ndani ya gari.

Mvua ikiwa kubwa na ya upepo, gari liegeshwe upande wa jokofu ukipewa kisogo upepo, mahali palipo sawa, kwani jokofu hili halifanyi kazi vizuri likiinama. Iwapo maji yanaingia hata hivyo, jokofu lizimwe, mtungi ufungwe, ndipo matundu yafunikwe. Gari likiwa safarini mwali uwe umezimwa.

Jokofu lililolowa liachwe likauke kabisa. Likiwashwa, mwali uwe wa buluu na uliotulia. Ukiwa wa njano au ukitoa masizi, lizimwe na fundi wa gesi aitwe. Harufu kali ya amonia, au madoa ya manjano kwenye mabomba, ni dalili ya kuvuja. Watu watoke garini, wala mtu asijaribu kuliunga mwenyewe.

Katibu wa chama anashauriwa kuandika katika daftari la gari tarehe ya kila uoshaji, jina la aliyeondoa vifuniko, na hali ya mwali baada ya kuwashwa. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na Halmashauri itakapokagua gari itakuwa na jambo la kusoma badala ya kubahatisha.