Maji, misuli na kano: mwili wa mama baada ya hedhi kukoma (2)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi ovari zinavyopunguza kazi, kwa wanawake wengi kati ya umri wa miaka 45 na 55, na jinsi homoni ya estrojeni inavyoshuka. Leo tunajibu swali tulilolibakiza: je, kuogelea kunamfaa mama ambaye magoti, visigino na mabega vimeanza kumsumbua?

Kwanza tujue kinachopungua. Mtu akishavuka miaka 30, misuli yake hupungua kwa makadirio ya asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Kwa mwanamke, kushuka kwa estrojeni huchochea hali hiyo, maana homoni hii huzisaidia seli za akiba zinazokarabati misuli. Kano, zinazouunganisha msuli na mfupa, zimejengwa kwa protini iitwayo kolajeni, iliyosukwa nyuzi kwa nyuzi kama kamba ya katani. Uzeeni nyuzi hizo hupoteza ubora wake, na kano ikiumia huchelewa kupona. Pale kijijini Genkuru, wilayani Tarime, utamwona mama aliyeketi akipukuchua mahindi tangu asubuhi: akitaka kuinuka kwenye kigoda hukandamiza magoti kwa viganja vyote viwili, kisha huchechemea hatua za mwanzo mpaka kisigino kipate moto.

Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kushangaza. Walipima, ndani ya kano za kisigino za watu, aina ya kaboni iliyoenea hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Waligundua kwamba kiini cha kano hiyo karibu hakijengwi upya baada ya umri wa miaka 17 hivi. Kwa maneno mengine, kiini alichokijenga binti ndicho atakachozeeka nacho. Hata hivyo, kano haijafa. Ikipewa mzigo unaoongezwa taratibu kwa wiki na miezi, huimarika hata kwa wazee.

Hapo ndipo maji yanapoingia. Mtu akisimama majini hadi kiunoni, miguu yake hubeba takriban nusu tu ya uzito wake. Yakimfika shingoni, hubeba kama sehemu moja ya kumi. Wakati huohuo maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, hivyo kila unaposukuma mkono au mguu, misuli inafanya kazi. Mama asiyeweza kutembea kilomita moja kwa maumivu ya goti anaweza kuufanyisha moyo na misuli yake kazi majini bila kuliumiza.

Lakini wepesi huohuo ndio upungufu wa kuogelea. Kisigino na mifupa ya nyonga huhitaji uzito wa mwili ili viimarike, na majini uzito huo hupungua sana. Kwa hiyo kuogelea kuandamane na mazoezi ya nchi kavu.

Kwa watu wa Tarime na Serengeti, swali la wapi pa kuogelea si dogo. Mto Mara una mamba na viboko. Simshauri mama yeyote ajitose humo. Ufukwe wa Ziwa Viktoria nao una konokono wanaoeneza kichocho. Palipo na maji salama na mwalimu, mwanamke anaweza kujifunza: huko Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya kujisitiri.

Asiye na bwawa asikate tamaa. Shika ukuta, inua visigino polepole, kisha vishushe polepole zaidi. Kaa kwenye kiti na uinuke bila kujisukuma kwa mikono. Anza na mara chache, ongeza wiki hadi wiki, na acha siku moja ya kupumzika katikati. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Mtu atasema mama wa kijijini tayari anabeba ndoo ya lita 20 kichwani. Ni kweli, lakini mzigo huo huielemea shingo, na hauna ratiba ya kupanda wala kupumzika. Dagaa, maharage na maziwa viongezwe kwenye sahani yake, kwa kuwa msuli hujengwa kwa protini.

Mume na watoto wana sehemu yao: wamwondolee mama ndoo moja, wampe nusu saa ya mazoezi. Maumivu yakizidi au kiungo kikivimba, aende zahanati.

Wiki ijayo: mifupa, na kwa nini mama huvunjika nyonga kwa kuteleza tu.