Fedha za Halmashauri: Nani Aulize, Nani Ajibu?

Kila ufikapo mwezi wa Juni, masikio ya nchi nzima huelekea Dodoma, ambako Waziri wa Fedha husimama mbele ya Bunge akasoma makadirio ya mapato na matumizi ya mwaka unaofuata. Siku hiyo redio husikilizwa maofisini, viwandani na vibandani, na kesho yake mazungumzo ni mamoja: kipi kimepanda, kipi kimeshuka? Wiki haijapita, habari hiyo huwa imekwisha, na kila mtu amerejea kazini kwake. Ni wachache wakumbukao kwamba iko bajeti nyingine, iliyojadiliwa miezi kadhaa kabla katika ukumbi mdogo wa halmashauri ya wilaya, na kwamba hiyo bajeti ndogo ndiyo inayoamua kama zahanati ya kijiji itaezekwa au itabaki kuta tupu. Leo twataka kuisemea hiyo bajeti ndogo.

Na tuchukue mfano wa Misigiri. Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega, kabla hajauteremka mlima wa Sekenke kuelekea Shelui, hupita Misigiri, mahali ambapo njia ya kwenda Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, huchepuka kutoka barabara kuu. Usiku na mchana malori hupita hapo, mengine yakielekea Mwanza, mengine Rwanda na Burundi. Mali nyingi hupita Misigiri. Swali ni kiasi gani hubaki.

Swali hilo si geni katika Iramba. Mwaka 1909 Wajerumani walianza kuchimba dhahabu Sekenke, na mwaka 1916, vita ilipowabana wakaishiwa na sarafu, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora ikafuliwa kuwa fedha yenye picha ya tembo. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa dhahabu ile itumikeje. Kabla ya hapo, mwaka 1897, ilikwisha kutangazwa kodi ya nyumba, na mtu aliyekosa fedha aliilipa kwa jasho lake. Waingereza nao mwaka 1926 waliweka utawala wa wenyeji na hazina zake, machifu wakawa wakusanyaji wa kodi. Katika tawala zote hizo mbili, kutoa ilikuwa kazi ya mwananchi, na kuuliza hakukuwa haki yake.

Uhuru ulikuja kuibadilisha hali hiyo. Mwaka 1963 madaraka ya machifu yalifutwa, na halmashauri za wilaya zikashika kazi. Zilibebeshwa shule za msingi, zahanati na barabara za vijijini, mzigo mkubwa kwa mfuko mwembamba. Kazi ziliongezeka kuliko mapato, madeni yakapanda, na mwisho wake twaujua: mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na zile za miji zikafuata muda mfupi baadaye. Nia ilikuwa kuyasogeza maendeleo karibu na wananchi. Lakini waliosogezwa ni watumishi wa Serikali Kuu, na diwani aliyechaguliwa na watu wake akabaki hana kiti wala kauli.

Ilichukua miaka kumi kulitambua kosa hilo. Sheria za Serikali za Mitaa zilipitishwa mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi upya mwaka 1984. Katika mwaka huohuo wa 1984 Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuzivunja halmashauri na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Kiongozi mkubwa hakuona haya kukiri. Nasi tusione haya kujifunza.

Hata hivyo, halmashauri zilirudi na maradhi yaleyale ya mfuko mwembamba. Kodi ya maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima kwa kiwango kimoja au kinachokaribiana, tajiri na maskini, ilikusanywa kwa vizuizi barabarani na kwa mgambo kuwazukia watu alfajiri. Wako wazee hadi leo wanaokumbuka kulala porini kwa kukosa stakabadhi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, na wananchi wakashangilia. Sisi hatuililii. Kodi inayomfanya raia aikimbie Serikali yake haistahili kurudi.

Lakini ukweli lazima usemwe wote. Fidia ya kodi ile iliahidiwa kutoka Hazina, na tangu siku hiyo halmashauri nyingi zikazidi kuishi kwa kutegemea ruzuku. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa katika umeme wa LUKU, hata mpangaji akajikuta anailipia nyumba isiyo yake. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaruhusiwa kuvushwa bila ushuru. Mkulima alipata nafuu, na nafuu hiyo twaiunga mkono. Ila kila hatua ya namna hiyo ilipochukuliwa, kikapu cha halmashauri kilipungua, na kazi zake hazikupungua.

Katika wilaya ya kilimo kama Iramba jambo hili lina uzito wa pekee. Mjini Dar es Salaam halmashauri ina viwanda na makampuni, ambayo hulipa ushuru wa huduma kutokana na mauzo yao, mvua inyeshe isinyeshe. Katika Iramba tegemeo ni alizeti, vitunguu, mtama, mahindi na mifugo. Mvua ya Singida ni ya kubahatisha. Inapokosekana, mkulima hana cha kuuza, mnunuzi hana cha kulipia ushuru, na mweka hazina hana cha kuandika katika kitabu chake. Mwaka wa njaa nyumbani ndio huohuo mwaka wa ukata katika halmashauri. Tena Iramba iligawanywa mwaka 2012, upande mmoja ukawa Wilaya ya Mkalama. Huduma zilisogea karibu na watu, lakini wilaya mbili huhitaji makao makuu mawili, wakurugenzi wawili na magari ya pande mbili, na mashamba ni yaleyale.

Wapo watakaosema: Iramba haina haja ya kuhofu, kwani mbunge wa jimbo la Iramba Magharibi, Ndugu Mwigulu Nchemba, ndiye aliyeisoma bajeti ya Taifa kila Juni tangu mwaka 2021 hadi mwaka 2025, kisha Novemba 2025 akawa Waziri Mkuu. Ni heshima kwa wilaya. Lakini nchi haijengwi kwa kutazamia mwenyeji aliye karibu na hazina. Kama ingekuwa hivyo, wilaya isiyo na mwana wake katika baraza la mawaziri ingefanya nini? Haki ya kijiji haina budi kutoka katika sheria na utaratibu, ili ibaki hata wakubwa wanapobadilika.

Jirani zetu wa Kenya walitoa somo hapa. Katiba yao ya mwaka 2010, kifungu cha 203, huzipa kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya Taifa. Mwaka 2020 Seneti yao ilivutana tangu Juni hadi Septemba juu ya namna ya kuzigawa fedha hizo, kaunti zenye watu wengi zikishindana na kaunti kubwa zenye watu wachache. Kura zilipigwa na kuahirishwa mara nyingi, mishahara ikachelewa, na magavana wakatangaza kufunga shughuli kwa kukosa fedha. Tarehe 17 Septemba 2020 walipatana kwa sharti kwamba hakuna kaunti itakayopunguziwa, na fungu zima lipandishwe kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370 za shilingi za Kenya. Wananchi wao waliumia katika miezi ile, nasi hatuwaonei wivu kwa hilo. Lakini angalia: waligombana hadharani kwa sababu kila upande ulijua kwamba una fungu lake kisheria. Katiba yetu, katika ibara za 145 na 146, inaziweka Serikali za Mitaa na kuzieleza kazi zake. Fungu lake haikulitaja. Huku kwetu Hazina hutoa ukomo wa bajeti, na mipango iliyotoka vijijini hukatwa hadi ienee ndani ya ukomo huo. Ukataji huo hufanyika kimya. Kijiji kilichopoteza darasa lake hakijui ni lini lilipotea wala nani alilifuta.

Walimwengu nao wametukumbusha ubaya wa kutegemea. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma za UKIMWI katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo, zikatikisika katika muda wa siku chache. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Taifa limelisikia neno hilo na limeanza kujipanga. Basi na halmashauri ilisikie neno hilohilo, maana uhusiano wake na Hazina haupishani sana na ule wa Taifa na wafadhili.

Je, twasema kila wilaya ijitegemee yenyewe, mwenye nacho ale na asiye nacho alale? La, hasha! Hiyo ingekuwa kuigawa nchi katika matajiri na mafukara kwa mipaka ya wilaya. Mshahara wa mwalimu wa Misigiri haupaswi kungoja bei ya alizeti. Ruzuku ni haki, na wilaya maskini yafaa ipate zaidi. Tunalosema ni kwamba, pamoja na ruzuku, lazima liwepo fungu ambalo wananchi wamelitoa wenyewe, wanalijua kwa hesabu, na wana uwezo wa kuliulizia.

Na tufanye hesabu ndogo. Tuseme mazao ya biashara ya shilingi 1,000,000 yameuzwa. Ushuru wake ni shilingi 30,000. Kwa sheria mlipaji ni mnunuzi, lakini kila mkulima anajua kwamba mnunuzi huirudisha gharama hiyo katika bei anayotoa. Shilingi hizo, basi, zimetoka katika jembe. Zikifika halmashauri, sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani itengwe kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Miongozo inataka sehemu nyingine iende katika maendeleo. Na vijiji navyo vinapaswa kurudishiwa asilimia 20. Ni utaratibu mzuri. Lakini mwaka baada ya mwaka ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimetaja halmashauri zisizorudisha fungu la vijiji, na fedha zilizokusanywa kwa mashine zisifike benki. Mikopo ile ya asilimia 10 ilibidi isimamishwe mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, na ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Shilingi iliyoibwa hapo haikuibwa Dodoma. Imeibwa shambani, kwa mtu aliyepalilia.

Dawa yake haipo mbali. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Mahali pengi mkutano huo haufanyiki. Na ukifanyika, taarifa husomwa mbiombio jua likiwa linazama, na anayeuliza huitwa mkorofi. Hapa ndipo wanachama wanapaswa kuwa mstari wa mbele. Mwanachama anayemzomea muulizaji haitetei Serikali. Anawatetea wezi bila kujua. Diwani naye akumbuke kwamba hakuchaguliwa ili apitishe makabrasha aliyopewa asubuhi ya kikao. Na wafanyakazi wa halmashauri, tangu mkurugenzi hadi mtendaji wa kijiji aliyeshika mashine ya ushuru, watambue kwamba stakabadhi wanayoitoa ni ahadi.

Katika vijiji vingi vya nchi yetu ziko kuta ambazo wananchi wenyewe huziita maboma. Walisomba mawe na mchanga, wakachanga fedha za saruji, wakainua kuta za zahanati au darasa hadi usawa wa linta, kisha wakakabidhi kazi kwa halmashauri ili iezeke, kama walivyokubaliana. Baadhi yameezekwa, na watoto wanasoma ndani yake. Mengine yamepigwa mvua miaka mingi hadi yameota majani.

Boma la namna hiyo ni deni. Wananchi wamekwisha kulipa sehemu yao, tena mara mbili, kwa nguvu zao na kwa ushuru wao. Kabla halmashauri haijafungua ukurasa mpya wa makadirio, na isomewe kwanza orodha ya maboma yake, moja moja kwa jina la kijiji. Na kabla mwananchi hajatoka katika mkutano wa kijiji chake, na aulize: ushuru wetu wa msimu huu ulikuwa kiasi gani, na umefanya nini? Akijibiwa kwa hesabu, atatoa tena kwa moyo mkunjufu. Asipojibiwa, aulize tena mkutano ujao.