Stima ikipotea usiku, chunga moto kwanza

Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Lamu hupata umeme kutoka gridi ya taifa, kwa hivyo hitilafu iliyotokea mbali inaweza kutia giza Amu, Hindi na Mpeketoni kwa pamoja.

Katika nyumba ya makuti, hatari kubwa si giza bali moto unaowashwa kwa haraka. Wakazi wa Faza wanakumbuka moto wa mwaka 2009 ulioteketeza mamia ya nyumba. Makuti yakishika, upepo huusambaza moto kabla ya majirani kufika na ndoo.

Weka tochi au taa ya sola mahali panapojulikana na kila mtu nyumbani. Ukilazimika kutumia kandili, koroboi au mshumaa, uweke mbali na chandarua na watoto. Usiongeze mafuta taa ikiwaka, na uizime kabla ya kulala.

Chomoa friji na televisheni, kwani stima ikirudi kwa nguvu huweza kuviharibu. Acha balbu moja ili ujue imerudi. Usifungue friza ovyo: iliyojaa samaki walioganda huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24.

Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua waliolala.

Ukiona waya umeanguka, usiuguse. Waondoe watoto, kisha upigie Kenya Power nambari 97771.