Ala ya Rivolva na Ngozi Inayoondoka Mwingi

Anayepata cheti cha bastola Kenya hugundua upesi kwamba kazi bado. Bastola anayo, risasi anazo, ila kiuno hakina pa kuibeba. Mwenye Glock au Ceska hana neno, kwa kuwa mifuko ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa bastola hizo huuzwa Nairobi, na anayeikosa huiagiza ng'ambo. Anayehangaika ni mwenye rivolva kubwa, ile ya risasi sita na mtutu wa inchi nne, chuma kuanzia mdomoni hadi mpinini. Hiyo hata muuzaji huitazama mara mbili kabla ya kukujibu kwamba hana mfuko wake.

Mimi nasema dawa iko Mwingi, mji wa Ukambani katika Kaunti ya Kitui, kwa fundi viatu. Na kama haiko, tujiulize kwa nini, maana ng'ombe wapo, mbuzi ndio usiseme, na ufundi wa kukivika chuma ngozi Wakamba hawakufundishwa na mzungu.

Tuanze na mzigo wenyewe. Rivolva ya .357 Magnum, risasi iliyotoka Marekani mwaka 1935, ikiwa na fremu kubwa ya chuma hupita kilo moja kabla hujaijaza. Ya .44 Magnum, iliyofuata mwaka 1955, ni nzito zaidi. Chukua pakiti ya sukari ya kilo, ining'inize upande mmoja wa mkanda wako wa kila siku, kisha utoke stendi ya Mwingi hadi sokoni na kurudi. Mkanda utapinda, suruali itashuka upande, na mkono utakuwa ukiipandisha kila baada ya hatua kumi. Anayekutazama atajua una kitu. Halafu kuna silinda, ambayo kwa rivolva kubwa ina upana wa milimita 40 au zaidi. Uzito huweza kugawanywa kiunoni, lakini nundu hiyo ubavuni ndiyo inayomsaliti mtu.

Na Mwingi kuna joto. Kwenye sinema askari kanzu hubeba rivolva kwapani, ndani ya koti, na kweli ala ya kwapani huubeba uzito vizuri kwa kuwa mabega mawili yanausaidia. Lakini avaaye koti saa saba ya mchana kwenye barabara ya Garissa ataulizwa kama ana malaria. Ala ya kwapani ni ya Limuru, penye baridi. Kwa mtu wa Mwingi, Kyuso au Nguni, vazi ni shati jepesi lisilochomekwa, na chochote atakachokificha lazima kikae chini ya shati hilo.

Kuificha nako si hiari. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inadai cheti, na inamtaka mwenye silaha aitunze salama wakati wote. Desemba 2018 serikali iliamuru wenye vyeti wahakikiwe upya na bodi ya leseni, na waliokuwa wakiona cheti ni mali yao ya kudumu wakakumbushwa kwamba kilichotolewa huweza kurudishwa. Bastola inayochungulia chini ya shati kwenye foleni ya benki ni njia fupi ya kukipoteza. Askari wa akiba wa huko Tseikuru na Ukasi, wanaolinda mifugo, hubeba bunduki begani mchana kweupe, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kuna njia tatu za kiunoni. Ya kwanza ni kuiweka ndani ya suruali. Bastola bapa hukubali, lakini rivolva kubwa inadai suruali pana kwa vidole viwili, na ikishaingia, silinda inasaga nyonga siku nzima huku jasho likilowesha chuma. Nimesikia watu wakiisifu. Nadhani ni watu wembamba, au hawaketi.

Ya pili ni ya kuvuka tumbo: ala huwa upande wa kushoto, mpini ukielekea mkono wa kulia. Hii ni ya dereva. Aendeshaye Probox kutoka Thika hadi Garissa hukaa saa nyingi, mkanda wa kiti umepita kiunoni, na bastola iliyoko nyonga ya kulia imebanwa kati ya mwili wake na kiti. Ya kuvuka tumbo haibanwi hivyo. Ubaya wake ni kwamba mpini umemwelekea unayezungumza naye, na mkono wake uko karibu nao kama wako. Sokoni penye msongamano mimi singeivaa.

Ya tatu ndiyo ninayoipigia debe: ala bapa ya nje ya mkanda, iliyoshonwa kwa vipande viwili vya ngozi, na mpasuko wa mkanda mbele na nyuma ya bastola. Kwa kuwa mkanda unavuta pande zote mbili, unaikumbatisha mwilini. Silinda inalala kwenye ule mwinamo ulio juu kidogo ya nyonga, na nundu inapungua. Iwe juu, mtutu usishuke sana chini ya shati. Iinamishwe mbele kidogo ili mpini ufuate mstari wa mgongo badala ya kutokeza nyuma, kwa maana mtu akiinama kuokota kitu ni mpini unaoinua shati. Mpini wenyewe ukiwa mkubwa mno, wa mpira, utaing'ang'ania nguo. Wa mbao laini hauna shida hiyo.

Mambo mawili hayana mjadala. Ngozi ifunike kifyatulio chote, na mdomo wa ala uongezwe kipande cha pili ili ubaki wazi bastola ikitoka. Ala laini iliyolegea hujikunja, na ukiirudisha bastola kwa haraka, ile ngozi iliyokunjamana huingia penye kifyatulio na kufanya kazi ya kidole. Watu wamejipiga paja hivyo. Ndiyo maana ile mifuko ya kitambaa ya bei nafuu, ya saizi moja kwa bastola zote, kwangu si bidhaa. Ni ajali inayosubiri siku.

Zamani shida ya kuficha haikuwapo. Mapolisi wa ukoloni na rivolva zao za Webley walitumia ala yenye kifuniko kikubwa cha ngozi, iliyozuia vumbi na mvua na kuonekana toka mbali. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya Mau Mau, Oktoba 1952, walowezi nao walitembea na bastola kiunoni hadi mezani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuficha kitu. Ala za aina hiyo ukizikuta kwenye vitu vya kale zinapendeza, lakini kwa kuficha hazifai hata bure.

Sasa tuje kwa fundi. Simi ya Mkamba ina ala yake: vibao viwili vyembamba vya mti, vikavikwa ngozi mbichi iliyolowa, ikashonwa, ikakauka na kubana kama ngoma. Podo la mishale nalo ni ngozi. Ala ya rivolva inafuata kanuni hiyo hiyo, isipokuwa kibao hakibaki ndani. Fundi anakata vipande viwili, kila kimoja kama karatasi ya A4 na ziada kidogo. Anatoboa kwa msharasi, anashona kwa uzi uliopakwa nta, sindano mbili zikipishana katika tundu moja, ili mshono mmoja ukikatika mingine isifumuke. Kisha anaitumbukiza ala katika maji ya uvuguvugu mpaka mapovu yakome, anaingiza umbo la bastola, na kuanza kubonyeza kwa vidole gumba: penye silinda, chini ya mtutu, kuzunguka kifyatulio. Ngozi nzuri hushika kila alama, hata mikwaruzo ya kucha, kwa hiyo kucha zikatwe kwanza. Halafu ianikwe kivulini. Jua la Mwingi likiipata ikiwa imelowa itakauka upesi, ipasuke kwenye mikunjo.

Umbo la bastola litatoka wapi? Hapo ndipo sheria inapoingia kibandani. Fundi asiye na cheti hawezi kuachiwa bastola ya mteja hata kwa usiku mmoja. Wote wawili watakuwa na kesi. Na mteja hatakaa kibandani siku nzima. Wamarekani na Wazungu huuziana vielelezo vya plastiki vya kila aina ya bastola. Sisi tuna wachongaji. Kutoka Wamunyu, kule Machakos, Wakamba wamechonga vifaru na twiga vya dunia nzima. Mchongaji wa aina hiyo akipewa vipimo na picha, mwenye silaha akiwapo, ataleta rivolva ya mti yenye silinda ya kipimo kamili. Iachwe rangi ya mti wake, wala isitoke kibandani. Polisi wa kizuizini hatasimama kuuliza kama ni mpingo au chuma.

Kwa hiyo ufundi upo, umbo linapatikana. Kinachokosekana ni ngozi, na hili ndilo la kushangaza katika kaunti ya wafugaji.

Ala ya rivolva nzito inataka ngozi ya ng'ombe ya unene wa milimita tatu na nusu hivi, iliyosindikwa kwa magome ya miti. Ngozi ya mbuzi, ambayo Mwingi imejaa, ni nyembamba. Inafaa bitana, pochi na viatu vya kike. Ngozi iliyosindikwa kwa kromu, ambayo ndiyo viwanda vyetu vinatoa kwa wingi, ni laini, haishiki umbo ikilowekwa, na chumvi zake hazipatani na chuma. Ya magome tuliijua kwa muda mrefu. Eldoret ilikuwa na kiwanda cha dawa ya kusindikia ngozi tangu ukoloni, kikitumia magome ya mkeshia wa Australia. Leo fundi wa mji mdogo anayeitaka ngozi nene ya aina hiyo hukimbilia Kariokor, Nairobi, au hubomoa mikanda mipana ya mitumba.

Ng'ombe wa Mwingi huchinjwa, na ngozi yake huharibika kuliko nyama. Kwanza ina chapa za moto zilizowekwa mgongoni, mahali penye ngozi bora ya mkanda. Ina makovu ya kupe na miiba. Mchinjaji mwenye haraka huitoboa kwa kisu. Kisha inaanikwa chini badala ya kuwambwa, inaoza madoa, inatiwa chumvi kwenye banda na kupakiwa lori. Katikati ya miaka ya 2000 serikali iliweka ushuru wa asilimia 40 kwa ngozi mbichi inayouzwa nje, ukapandishwa baadaye hadi asilimia 80, ili viwanda vya ndani vipate malighafi. Viwanda vikapata, vikaisindika nusu, ikawa ile ngozi ya bluu, na hiyo ndiyo ikasafirishwa. Kiatu kikaendelea kutengenezwa kwingine. Bei kwa mchinjaji wa kijijini ilishuka mpaka wapo wanaoizika ngozi badala ya kuipeleka bandani. Bustani ya viwanda vya ngozi ya Kinanie, ekari 500 huko Machakos, imezungumzwa miaka mingi kuliko ngozi ilizopokea.

Nisiuze ndoto. Wenye rivolva kubwa Kenya ni wachache mno kumlisha fundi, na sababu ya kubeba bastola nayo imepungua: mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akitembea na furushi la noti, tangu M-Pesa ianze Machi 2007, hutembea na simu. Ala moja ya rivolva ni kazi ya siku mbili hadi tatu, kisha mteja haonekani tena kwa miaka kumi. Lakini anayeweza kuitengeneza hiyo ameshajua kutengeneza mkanda usiopinda, ala ya panga, mfuko wa redio wa askari wa kampuni za ulinzi na sanduku la vifaa la fundi umeme. Hizo ndizo zenye wateja kila wiki. Na zote zinataka ngozi ile ile nene.

Serikali ya kaunti iliyoweza kuanzisha kiwanda cha kushona nguo Kitui inaweza kujenga mapipa machache ya kusindika kwa magome karibu na machinjio ya Mwingi. Haihitaji ekari 500. Inahitaji maji, ambayo najua ndiyo tatizo la huku, magome, na miezi michache ya subira, kwa kuwa ngozi nene haiharakishwi. Vijana wa kuendesha kazi wapelekwe Thika, kwenye kituo cha mafunzo ya utengenezaji wa viatu.

Mpaka hapo, wewe mwenye rivolva, fanya hivi. Toa risasi zote nyumbani, uzihesabu. Nenda kwa fundi na suruali utakayovaa kila siku. Agiza mkanda kwanza, wa tabaka mbili, upana wa milimita 38, uliokatwa sambamba na uti wa mgongo wa ng'ombe maana ngozi ya tumbo hurefuka. Uvae wiki moja. Kisha agiza ala. Ikikamilika, keti, chuchumaa, inama ufunge kamba za viatu, panda na ushuke boda boda. Ikichungulia hata kidogo, mrudishie fundi. Na usiku bastola isilale ndani ya ngozi: jasho la mchana liko humo, na asubuhi utakuta kutu.